Wembe wa Kwanza

Katika mitaa ya Tassia, huko Embakasi jijini Nairobi, tangu Barabara ya Outering hadi mipakani mwa Fedha na Pipeline, ni taabu kwenda hatua mia bila kukutana na kibanda cha kinyozi, na ndani ya kila kibanda mashine ya umeme hunguruma tangu asubuhi hadi usiku. Walakini kazi ya kumalizia, yaani kuchora mstari wa paji la uso na kusafisha shingo na mashavu, haifanywi na mashine bali na wembe, ambao kinyozi huuvunja nusu kwa urefu, akaupachika katika kishikizo chake cha kukunja, akamnyoa nao mteja mmoja, kisha akautupa. Aliyeketi katika kiti kile akahisi makali yakipita juu ya ngozi yake kwa upole huondoka na shauku ya kuwa na chombo cha namna ile nyumbani kwake, tena kilicho bora zaidi: wembe wa kukunja wa asili, wa chuma kizito, unaonolewa badala ya kutupwa, na unaoweza kumtumikia mtu umri wake wote. Ni kwa ajili ya mtu huyo nimeandika maneno haya, ili asipoteze fedha zake wala damu yake katika kujifunza jambo ambalo lingeweza kuelezwa.

Kosa kubwa la wanunuzi ni kuutazama wembe peke yake. Wembe wa kukunja hauna maana bila ukanda wa ngozi wa kuyalainisha makali kabla ya kila kunyoa, wala bila noo ya kuyarudisha yakishakufa. Vitu hivi vitatu ni chombo kimoja, na mwenye kununua cha kwanza akaviacha viwili vya pili atanyoa vizuri mara chache, kisha atakuwa na kipande cha chuma kizuri cha kuwaonyesha wageni. Kwa hiyo shauri langu la kwanza, ambalo mengine yote yanafuata nyuma yake, ni kwamba fedha ulizozikusudia kwa wembe uzigawe mafungu mawili yaliyo sawa, na fungu moja lisiguse wembe kabisa.

Maarifa ya kunoa na kunyoa si mageni katika nchi hizi. Wahunzi wetu walifua nyembe za chuma kabla ya bidhaa za viwanda kufika sokoni, na Wakikuyu waliuita wembe wao rwenji. Na huko pwani wembe ulikuwa na heshima ya kuingia hata katika ibada, kwani nywele za mtoto mchanga hunyolewa siku ya saba na uzito wake ukatolewa sadaka kwa fedha, na mahujaji hunyoa vichwa vyao wamalizapo hija. Kilichoyaondoa maarifa haya mikononi mwa watu wengi, si hapa tu bali ulimwenguni kote, ni wembe mwembamba wa kutupwa aliouanzisha King Camp Gillette wa Marekani, ambaye katika mwaka wa 1903 alifanikiwa kuuza vishikizo 51 tu na nyembe 168, lakini kabla ya vita vya 1914 hadi 1918 kumalizika serikali ya nchi yake ilikuwa imeagiza vishikizo milioni 3.5 kwa ajili ya askari wake. Askari walirudi makwao na desturi mpya, noo zikasahauliwa, na leo kijana wa Nairobi anayetaka kujifunza hana mzee wa kumuuliza. Hivyo atakayemtegemea ni muuzaji, na muuzaji si lazima awe mwalimu.

Sasa tuanze na chuma chenyewe. Nyembe za kukunja ni za jinsi mbili: za chuma cha pua chenye kaboni, ambacho hushika kutu, na za chuma kisichoshika kutu upesi. Jinsi ya kwanza hunoleka kwa wepesi na hukubali makali mororo sana, na ndiyo iliyopendwa na mafundi tangu Benjamin Huntsman alipoanza kuyeyusha chuma safi katika vyungu vya udongo karibu na Sheffield, Uingereza, katika miaka ya 1740. Jinsi ya pili ni ngumu zaidi mbele ya noo, lakini humsamehe mtu msahaulifu. Mkazi wa Tassia hana budi kulipima jambo hili kwa maji yake, kwa kuwa majengo mengi ya Embakasi hunywesha wapangaji wake kwa visima virefu vya kuchimbwa, ambavyo maji yake yana chumvi, na mfereji wa jiji usipotoa maji siku kadhaa, maji ni hayo hayo ya mtungi. Tone moja la maji ya namna hiyo likilala usiku kucha juu ya makali ya chuma cha kaboni, asubuhi utakuta doa jekundu; na doa juu ya makali si uchafu wa kufutwa, bali ni tundu. Ikiwa wewe ni mtu wa taratibu, ambaye atakausha wembe kwa kitambaa kila mara na kuupaka tone la mafuta ya cherehani, chukua chuma cha kaboni bila kusita. Ikiwa kila asubuhi unakimbizana na matatu, tafuta chuma kisichoshika kutu kutoka kwa mfuaji mwenye sifa, kama vile nyembe kuukuu za J. A. Henckels zilizoandikwa Friodur, ambazo zilitiwa ugumu kwa baridi kali na bado hupatikana kwa wauzaji wa vitu vya zamani.

Na jihadhari sana na wembe mpya wa bei ya chini kupita kiasi, unaong'aa kama kioo na wenye mpini wa rangi nyingi, usio na jina la mji wala la mfuaji. Vitu hivyo vina sura ya wembe, lakini chuma chake ni laini, na chuma laini hakishiki makali hata ukikinoa mwezi mzima. Mji wa Solingen nchini Ujerumani umelindwa na sheria tangu mwaka 1938, hata visu na nyembe zisizotengenezwa huko haziruhusiwi kubeba jina lake. Thiers nchini Ufaransa na Sheffield niliyoitaja ni miji mingine ambayo jina lake juu ya shina la wembe ni dalili njema, ijapokuwa si ithibati, kwa sababu waghushi hawakosekani. Wembe mpya wa Solingen huuzwa zaidi ya yuro 100, na ukiuagiza utalipa pia ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo hapa Kenya ni asilimia 16. Fanya hesabu hiyo kabla ya kuagiza, wala si siku ya kwenda kuchukua kifurushi.

Upana wa bapa hupimwa kwa thumni za inchi, tangu mgongo hadi makali. Wembe wa thumni nne (4/8) ni mwembamba na hupita vyema chini ya pua, lakini hujaa povu mara moja. Wa thumni saba (7/8) ni mzito na wenye nguvu, lakini mkono mgeni huuona kama panga. Mwanafunzi achukue thumni tano (5/8), ambazo ni milimita 16 hivi, au thumni sita (6/8), ambazo ni milimita 19. Hapa sina la kuongeza, kwani mafundi wengi wanakubaliana.

Lakini juu ya unene wa ubavu ninalo la kusema, kwa sababu wauzaji wengi huusifu wembe uliochongwa ndani mno, hata chuma kilicho karibu na makali kinanepa kikisukumwa kwa ukucha. Wembe wa namna hiyo ni kazi ya ustadi mkubwa. Ukipita juu ya ndevu hutoa sauti nyembamba, na mnyoaji mzoefu huisikiliza sauti hiyo akajua kama pembe ya mkono wake ni sahihi. Hata hivyo ndevu za wengi wetu ni ngumu, zimejikunja, na hutoka katika ngozi kwa mlalo, na chuma chembamba kikikutana nazo hunepa, kikaruka, kikarudi juu ya ngozi mahali pasipokusudiwa. Kwa uso wa namna hii, na kwa mkono usiozoea, wembe uliochongwa nusu ni salama zaidi, kwa kuwa uzito wake huutuliza na ugumu wake haukubali kuyumbishwa. Nyembe za zamani za Sheffield zenye ubavu mnene kama kabari zina nguvu kuliko zote, lakini kuzinoa ni kazi ya mtu aliyekwisha hitimu, basi ziache.

Ncha na iwe ya mviringo. Ncha ya mraba ina uzuri wake, na husaidia kupiga mistari iliyonyooka, lakini pembe yake hutafuta ndewe la sikio na ukingo wa pua, na mwanafunzi atajikata hapo kabla ya kujua kilichotokea. Mpini hauna athari katika kunyoa, mradi tu wembe ukifungwa uingie katikati yake bila kugusa upande wowote.

Iwapo utanunua wembe uliokwisha tumika, ama kwa kuuagiza, ama kwa kuuona katika mafungu ya vyombo vikuukuu kule Soko la Gikomba, usikubali kuulipia kabla ya kuukagua mchana kweupe. Ulaze juu ya kioo au kigae kilichonyooka uone kama mgongo na makali vinagusa pamoja; ukiyumba, bapa limepinda. Utazame makali kwa kuyaelekeza kwenye nuru: mahali penye pengo patang'aa. Utazame mgongo, kwa sababu mgongo ndio kipimo kinachoiweka pembe ya kunolea, na mgongo uliosagwa ukawa bapa pana upande mmoja unaonyesha kwamba wembe ulinolewa na mtu asiyejua. Madoa meusi ya uzee juu ya ubavu hayana dhara. Vishimo vya kutu vilivyofika ukingoni mwa makali ni kifo, wala usidanganywe kwamba vitasuguliwa vikaisha, na ufa wowote, hata uwe mdogo kama unywele, unatosha kuurudisha wembe mikononi mwa mwenyewe. Mpini wa seluloidi unaonuka ukali na wenye jasho la mafuta unaoza, na mvuke wake huula wembe ulio ndani.

Liko jambo moja zaidi kuhusu mipini ambalo mnunuzi wa Kenya hana ruhusa ya kulipuuza. Nyembe nyingi za thamani za karne ya kumi na tisa zilitiwa mipini ya pembe za ndovu, na wauzaji wa ng'ambo hawaoni haya kuzitangaza. Kwetu sisi kumiliki pembe ya ndovu bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na adhabu yake ni nzito. Nchi iliyochoma tani 105 za pembe hizo katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi tarehe 30 Aprili 2016 haitakubali udhuru wa kwamba kipande chako ni kidogo na cha kale, na kwa maoni yangu haistahili kuukubali. Chagua mpini wa mti, wa pembe ya ng'ombe au wa plastiki.

Ukanda wa ngozi hauhitaji kuagizwa ng'ambo. Nenda Soko la Kariokor, ambako mafundi wa viatu na mikanda wamekaa na ngozi zao miaka mingi, umwambie fundi akukatie kipande cha ngozi ya ng'ombe kisichopakwa rangi, kisicho na mshono wala kovu, chenye unene ulio sawa tangu mwanzo hadi mwisho, upana wa inchi tatu na urefu wa sentimita 50 au 60, kisha akitie pete upande mmoja ili ukifunge kwenye nondo za dirisha lako. Chagua uso wa ngozi ulio laini, ambao kiganja kikipita juu yake husikia mvuto mdogo. Pamoja nao, mwombe au ujitafutie kipande cha turubai safi ya pamba au kitani cha upana huo huo. Kabla ya kunyoa, wembe hupitishwa mara 10 juu ya kitambaa na mara 30 hivi juu ya ngozi, mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma, na kila mwisho wa ukanda wembe hugeuzwa kwa kuviringika juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali. Atakayesahau kanuni hii ataukata ukanda siku ya kwanza, na kwa sababu hiyo ni hekima kuanza na ukanda wa Kariokor badala ya ule wa thamani.

Noo inataka uangalifu zaidi. Jiwe la kunolea kisu cha jikoni halifai, wala ngazi ya saruji, na wala usimpe wembe wako mnoaji wa mitaani anayezungusha gurudumu kwa baiskeli. Huyo ni fundi wa kweli wa visu na mikasi, na namheshimu kwa kazi yake, lakini gurudumu lake litakila chuma chembamba cha wembe kwa dakika moja na joto lake litakiondolea ugumu kiliopewa na mfuaji. Kinachohitajika ni jiwe la maji lililonyooka kabisa: namba 1000 kwa kuunda makali upya, namba 4000 au 5000 kwa kuyasafisha, na namba 8000 kwa kuyamaliza. Mwanafunzi anaweza kuanza na hilo la namba 8000 peke yake, kwa sharti kwamba wembe umfikie ukiwa umekwisha nolewa tayari kwa kunyoa. Hapo ndipo penye swali la lazima kwa kila muuzaji, kwa kuwa nyembe nyingi mpya hutoka kiwandani na makali yasiyokamilika: uliza waziwazi ni nani aliyeunoa, kwa jiwe gani, na kama aliujaribu. Asiyejibu maswali hayo, mwachie wembe wake. Ukifika umenolewa vyema, na ukautunza kwa ukanda kila siku, miezi kadhaa itapita kabla ya jiwe kuhitajika.

Yuko msomaji atakayeona kwamba gharama hizi zimempita, na haki yake ni kuambiwa kwamba kishikizo cha kukunja kama kile cha kinyozi, kinachotiwa nusu ya wembe wa Nacet au wa aina nyingine unaouzwa katika kila duka la Tassia, ni njia halali ya kuanza. Hakitaki noo wala ukanda, na usafi wake hauna shaka. Nisiifiche hata hivyo tabia yake: ni chepesi, na makali yake ni membamba na makali mno, hayana ule upole wa wembe mzito, hata kosa dogo la pembe hulipwa kwa damu. Mwenye kujifunza nacho ajue kwamba wembe wa kweli, akiupata baadaye, utakuwa mwepesi kwake kuliko alivyotarajia.

Uutazame na uso wako kabla ya kununua. Vipele vya ndevu, ambavyo huwasumbua wanaume wengi wenye nywele za kujikunja, hutokea pale unywele uliokatwa chini ya ngozi unapojikunja na kuchoma tena ndani, na nyembe za plastiki zenye makali matatu au manne kwa pamoja huuvuta unywele na kuukata chini kabisa. Makali mamoja, yakipitishwa mara moja tu kwa kufuata uelekeo wa ndevu bila kuikaza ngozi kupita kiasi, huuacha unywele usawa wa ngozi, na wengi huona nafuu. Si dawa. Mtu ambaye jeraha dogo humwachia kovu linaloota na kuvimba, au ambaye vipele vyake vina usaha, amwone daktari wa ngozi, na huenda shauri jema kwake likawa ni kufuga ndevu zake. Kwa mikato midogo weka karibu kipande cha shabu, kinachopatikana katika maduka ya viungo na dawa za asili. Kiloweshe, ukipitishe juu ya ngozi, damu itakoma.

Na wembe huo uwe wako peke yako, usiazimwe na ndugu wala mwenzi wa chumba, kwa sababu virusi vya homa ya ini ya aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi, na jicho halivioni. Wembe kuukuu usiguse uso kabla ya kusafishwa kwa sabuni na maji na kulowekwa katika spiriti, kisha kunolewa upya. Usiuweke bafuni penye unyevu wala mahali ambapo mkono wa mtoto hufika, jambo ambalo katika nyumba za chumba kimoja hutaka kufikiriwa kabla ya siku ya kwanza. Na kwa kuwa majengo yetu yamesongamana hata vyumba vya chini havipati mwanga wa kutosha mchana, usinyoe pasipo taa nzuri mbele ya uso.

Majuma mawili ya mwanzo nyoa mashavu tu, kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, na kidevu na shingo umwachie kinyozi wako hadi mkono utakapotulia. Ama katika kununua, fuata mpangilio huu: nenda kwanza Kariokor ukakatiwe ukanda, ujizoeze kugeuza kisu cha mezani kisicho na makali juu yake mpaka mkono usikosee, kisha ndipo uagize wembe wa thumni tano au sita, uliochongwa nusu, wenye ncha ya mviringo, ulionolewa tayari na mtu anayejulikana.